Miligramu 61 za DMAP

Ukiingia karibu maabara yoyote inayojenga molekuli za kaboni, iwe ya chuo kikuu au ya kiwanda cha dawa, utakuta kichupa cha unga mweupe kilichoandikwa DMAP. Jina lake kamili ni 4-dimethilaminopiridini. Ni fuwele ndogo zenye harufu hafifu, zinazoyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 110 hadi 113, na zinaweza kukaa miaka kwenye rafu bila kuharibika. Mtafiti anayetaka kuunganisha milimoli 10 za asidi na alkoholi ili apate esta huhitaji asilimia 5 tu ya kiasi hicho, yaani miligramu 61. Ni punje zinazotosha kwenye ncha ya kisu. Kwa punje hizo, mmenyuko ambao ungesota siku nzima huweza kuisha kwa saa moja.

Kichupa hichohicho kina alama ya fuvu na mifupa, na chini yake onyo kwamba kilichomo kinaweza kuua kikigusa ngozi. Watu wengi hulisoma onyo hilo mara moja, siku ya kwanza, kisha wakalizoea. Kiasi ni kidogo, unga ni mweupe kama chumvi ya mezani, haufuki moshi, hauwaki moto, hauchomi pua kama amonia. Naamini huo udogo wa kipimo ndio umeifanya DMAP ipunjwe heshima inayostahili. Naamini pia kwamba mahali inapohitajika kweli ni pachache kuliko mahali inapotumika, hasa katika maabara za kufundishia. Ili hukumu hiyo isiwe ya woga tu, inabidi tuielewe kemikali yenyewe kwanza, kwa kuwa ni moja ya vichocheo vilivyoifaa kemia ya dawa kuliko vingi.

Esta ziko kila mahali. Mafuta ya kupikia ni esta. Harufu ya ndizi mbivu hutokana kwa sehemu kubwa na esta. Aspirini ni esta ya asidi ya salisiliki. Kuziunda kwa njia ya zamani si kazi kubwa: mwaka 1895 Emil Fischer na Arthur Speier walionyesha kwamba ukichemsha asidi na alkoholi pamoja na asidi kali kidogo, esta hutokea na maji hubaki. Njia hiyo ingali hai na ni nzuri kwa molekuli imara. Ina kasoro mbili. Mmenyuko huenda na kurudi, kwa hiyo hauishi usipoondoa maji au usipozidisha alkoholi. Pia joto na asidi kali huvunja molekuli laini: sukari zilizounganishwa, steroidi zenye makundi mengi, viini vya mimea ambavyo mtafiti amevitafuta kwa miezi na amebakiwa na miligramu 20 tu.

Kwa molekuli za namna hiyo wanakemia walizoea kutumia anihidridi ya asetiki ndani ya piridini, kiyeyushi chenye harufu mbaya isiyosahaulika. Piridini husaidia, lakini alkoholi iliyobanwa na makundi makubwa pande zote hugoma hata hivyo. Mwaka 1967, katika Umoja wa Kisovieti, Litvinenko na Kirichenko walipima kasi ya mmenyuko wa kloridi ya benzoili na amini moja, wakabadilisha piridini kwa DMAP. Kasi iliongezeka takriban mara 10,000. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, Wolfgang Steglich na Gerhard Höfle wa Ujerumani, bila kutegemea kazi ile ya Kisovieti, walionyesha kwamba kichocheo hicho huziwezesha hata alkoholi zilizobanwa sana kupokea asetili, kundi linalotoka kwenye anihidridi ya asetiki na kuigeuza alkoholi kuwa esta. Kuanzia hapo DMAP haikutoka tena kwenye rafu.

Siri yake iko kwenye umbo. Piridini ni pete ya atomu tano za kaboni na moja ya nitrojeni. Nitrojeni hiyo ina jozi ya elektroni iliyo wazi, na kwa jozi hiyo huweza kushika kitu kinachohitaji elektroni. Katika DMAP, upande wa pili wa pete, mkabala kabisa na nitrojeni hiyo, kumepachikwa nitrojeni nyingine yenye methili mbili. Nitrojeni ya nje husukuma elektroni zake kupitia pete hadi kwa ile ya ndani. Matokeo yake yanaonekana kwenye vipimo: pKa ya piridini iliyopokea protoni ni takriban 5.2, ya DMAP ni takriban 9.7. Tofauti hiyo inamaanisha kwamba DMAP hushika protoni kwa nguvu inayozidi ya piridini mara makumi ya maelfu.

Lakini nguvu ya besi peke yake haitoshi kueleza jambo. Triethilamini ni besi yenye nguvu kuliko DMAP, na bado haiharakishi mmenyuko huu kwa kiwango kile, kwa sababu mikono yake mitatu ya ethili huizuia nitrojeni isifike karibu na kaboni inayolengwa. Nitrojeni ya DMAP iko kwenye ukingo wa pete bapa, haina kizuizi. Inaifikia anihidridi, inang'oa kundi la asetili na kulibeba. Sasa DMAP ina chaji chanya, na hapa ndipo nitrojeni ya nje inapofanya kazi ya pili: inaigawana chaji hiyo, hivyo molekuli iliyobeba mzigo inadumu muda wa kutosha na kupatikana kwa wingi wa kutosha. Alkoholi inapokaribia, inapokea asetili, na DMAP inarudi ilivyokuwa, kama kuli wa bandarini anayeshusha gunia moja na kurudi mikono mitupu kuchukua jingine. Ndiyo maana asilimia 5 inatosha.

Kuna mambo mawili ambayo mwanafunzi hufundishwa kwa haraka mno na yanastahili kusemwa polepole. La kwanza ni kwamba kila esta inayotengenezwa huacha nyuma asidi moja. Asidi hiyo huinasa DMAP na kuigeuza chumvi, na chumvi hiyo haina tena jozi ya elektroni ya kufanyia kazi. Mmenyuko unasimama. Ni lazima kuwe na besi nyingine ya bei nafuu, kwa kawaida triethilamini, ya kuipokea asidi na kuiacha DMAP huru. Mwanafunzi asiyejua hili huona mmenyuko umekwama, kisha huongeza DMAP badala ya triethilamini, na hapo ameongeza sumu bila kuongeza faida. La pili ni kiyeyushi. Kwa kuwa chembe iliyobeba mzigo hutembea sambamba na chembe hasi ya asetati, na asetati hiyo husaidia kuivua alkoholi protoni yake, mmenyuko huenda kasi zaidi kwenye viyeyushi visivyovutia chaji sana, kama tolueni. Mazoea ya kufanyia kila kitu ndani ya diklorometani hayana msingi wa kikemia katika kazi hii. Nitarudi kwenye diklorometani, maana ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hatari.

Katika matumizi, jina la Steglich lilishika zaidi kutokana na kazi aliyochapisha na Bernhard Neises mwaka 1978. Wao walianza na asidi ya kawaida, bila kuigeuza kwanza kuwa anihidridi, wakaongeza DCC, kemikali inayoichukua ile molekuli ya maji inayotoka asidi na alkoholi zinapoungana. DCC ikishachukua maji hugeuka yurea isiyoyeyuka, nayo huchujwa kwa karatasi. Bila DMAP, sehemu ya asidi hunaswa na DCC yenyewe na kupotea kwa njia isiyorudi. DMAP huiwahi asidi hiyo kabla haijapotea na kuipeleka kwa alkoholi. Yote haya hufanyika kwenye joto la chumba, bila asidi kali. Mwaka 1979 kundi la Yamaguchi nchini Japani likaja na njia yake, inayotumia kloridi ya trikloro-benzoili pamoja na DMAP, na hiyo ikawa tegemeo la wanaofunga pete kubwa za esta, umbo linalopatikana kwenye antibiotiki za jamii ya erithromaisini.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa dawa ya kansa, paclitaxel. Ilipatikana kwanza kwenye gome la mti uitwao yew wa magharibi ya Marekani, mti unaokua polepole mno, na kuuchuna gome ni kuuua. Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa, Denis na Greene pamoja na wenzao, walianza na kiini kinachotolewa kwenye majani ya yew wa Ulaya, majani ambayo huchipua tena mti ukiendelea kuishi, wakakiunganisha na mkia unaokosekana. Alkoholi iliyopaswa kupokea mkia huo imejificha ndani kabisa ya molekuli, imezungukwa pande zote. Mmenyuko wao ulitumia DMAP. Baadaye zilikuja njia bora zaidi, lakini mlango ulifunguliwa hapo.

Karibu nasi zaidi kuna artesunate, dawa ya malaria. Artemisinin inayotoka kwenye mmea wa Artemisia annua, unaolimwa pia Kenya, Uganda na Tanzania, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo haifai kuchomwa mshipani mwa mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria. Wanakemia huipunguza kuwa dihidroartemisinin, kisha huiunganisha na anihidridi ya saksiniki. Esta inayopatikana ina mkia wa asidi, na mkia huo ukigeuzwa chumvi ya sodiamu huifanya dawa iyeyuke. Muungano huo unahitaji besi ya kuuchochea. Taratibu zilizochapishwa hutumia piridini, triethilamini, na nyingine DMAP. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa artesunate na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Nyuma ya tofauti hiyo kuna esta moja iliyotengenezwa kwa uangalifu.

Kwa wanakemia wanaochambua mimea ya dawa, kazi yenye historia ndefu katika vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, matumizi ni ya unyenyekevu zaidi. Ukitaka kujua molekuli mpya ina alkoholi ngapi, unaipa asetili kila inapowezekana kisha unaipima uzito. Kila alkoholi iliyopokea asetili huongeza uzito wa molekuli kwa 42. Mbili ni 84, tatu ni 126. Alkoholi zilizofichika hugoma ndani ya piridini pekee, na hapo punje chache za DMAP huleta jibu ambalo bila yake lingekosekana.

Mwaka 1996 makundi mawili ya Marekani, la Gregory Fu na la Edwin Vedejs, yalitoa vichocheo vya ukoo wa DMAP vyenye umbo la mkono mmoja, vinavyochagua molekuli ya mkono wa kulia na kuiacha ya kushoto. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya Benjamin List na David MacMillan kuchapisha, mwaka 2000, kazi zilizowapa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kwa vichocheo vya kaboni visivyotumia metali. DMAP haikupewa tuzo, lakini ilikuwa imeshaonyesha muda mrefu kwamba molekuli ndogo ya kaboni inaweza kufanya kazi iliyodhaniwa ni ya metali na vimeng'enya.

Pamoja na sifa hizo, si kila mmenyuko unaifaa. Haina uchaguzi: kwenye sukari yenye alkoholi tano, itazipa asetili zote, na anayetaka moja tu lazima azifunge nyingine kwanza. Katika kujenga peptidi, hatua ya kupachika asidi amino ya kwanza kwenye punje za resini kwa msaada wa DMAP huweza kuligeuza umbo la asidi amino hiyo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na peptidi ikatoka na kasoro isiyoonekana kwa macho. Wajenzi wa peptidi wenye uzoefu huipunguza hadi kiasi kidogo sana, au huiepuka.

Sasa hatari yake.

Kwa kanuni za kimataifa za lebo za kemikali, onyo la kuua kwa kugusa ngozi hupewa kitu ambacho miligramu 200 au pungufu kwa kila kilo ya mwili, kikipakwa kwenye ngozi ya wanyama wa majaribio, huua nusu yao. DMAP imo kwenye kundi hilo. Ukiimeza ni sumu. Vumbi lake likivutwa ni sumu. Likiingia jichoni huweza kuacha madhara ya kudumu. Kwenye ngozi huwasha na kuunguza. Kinachoitofautisha na kemikali nyingi za maabara ni kwamba haikai juu ya ngozi. Inapenya. Molekuli yake ni ndogo, huyeyuka kwenye mafuta na pia kwenye maji kwa kiasi, na hizo ndizo sifa zinazoiwezesha kemikali kupita tabaka la ngozi na kuingia damuni. Mtu huweza kupata dozi bila jeraha na bila kuhisi lolote la maana kwa wakati ule.

Baadhi ya karatasi za usalama huongeza kwamba hudhuru mfumo wa neva. Ndugu yake wa karibu kwa umbo, 4-aminopiridini, ambaye tofauti yake ni kukosa zile methili mbili, anajulikana vizuri: huziba njia za potasiamu kwenye neva, nchini Marekani imetumika kama sumu ya ndege, na kwa dozi ndogo iliyopimwa kwa makini iliidhinishwa huko mwaka 2010 kuwasaidia kutembea wagonjwa wa maradhi ya neva yanayoitwa multiple sclerosis. Dozi ikizidi kidogo huleta degedege. Kufanana kwa umbo si uthibitisho kwamba DMAP hufanya vilevile, lakini ni sababu tosha ya mtu mwenye busara kutotaka kuingiza DMAP mwilini mwake kwa kipimo chochote.

Kuna pia suala la kifupi chenyewe. Nchini Ujerumani kuna dawa ya kutibu sumu ya sianidi, 4-dimethilaminofenoli, nayo huandikwa DMAP. Ni kemikali tofauti kabisa. Anayempigia daktari simu kuhusu aliyemwagikiwa lazima ataje jina lote, au amsomee namba ya CAS kwenye kichupa: 1122-58-3.

Hatari kubwa hutokea kwenye hatua mbili. Ya kwanza ni kupima. Unga mkavu hurushwa na upepo wa feni, hunata kwenye plastiki kwa umeme tuli, na hubaki kwenye sahani ya mizani ambayo saa moja baadaye mwenzako ataigusa kwa mkono mtupu. Mizani ikiwa juu ya meza ya wazi, nje ya kabati la kufyonza hewa, DMAP iliyomwagika hapo haina mwenyewe, inamsubiri yeyote. Ya pili ni mmumunyo. Glavu za bluu za nitrili zinatosha kwa unga mkavu, lakini diklorometani hupenya glavu hizo ndani ya dakika chache, na haiji peke yake: inaingia na kila ilichokiyeyusha. Mtafiti aliyedondokewa na tone la mmumunyo wa DMAP na diklorometani kwenye glavu, kisha akaendelea na kazi kwa kuwa haoni tundu, anaibana sumu kwenye ngozi yake kwa kitu alichokivaa kujikinga. Mwaka 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa Dartmouth nchini Marekani, alidondokewa na matone ya dimethilizebaki kwenye glavu za mpira. Glavu zilionekana nzima. Alifariki Juni 1997. Kemikali ni nyingine, sumu yake ni kali mara nyingi zaidi, lakini glavu zilimwangusha kwa njia hii hii. Tone likidondoka, glavu zivuliwe papo hapo, mikono ioshwe kwa maji mengi na sabuni, na si baada ya kumaliza kumimina.

Vilevile DMAP haiishi peke yake. DCC inayoandamana nayo husababisha mzio mkali: mtu hugusa mara kadhaa bila tatizo, kisha siku moja mwili hukataa, na kuanzia hapo hata vumbi kidogo humvimbisha uso, wakati mwingine kwa maisha yake yote. Diklorometani inashukiwa kuleta kansa, na mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake, ikiziruhusu maabara kuendelea kwa masharti ya kulinda wafanyakazi. Anihidridi ya asetiki inaunguza, na kwa kuwa hutumika pia kutengeneza heroini, imo kwenye orodha ya kemikali zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988. Maabara inayoiagiza lazima iwe na kibali na daftari linaloeleza kila mililita ilikokwenda.

Hali ya maabara zetu huongeza uzito wa haya yote. Diklorometani huchemka kwenye nyuzi 40. Kwenye stoo isiyo na kiyoyozi ya mji kama Dar es Salaam au Mombasa, mwezi Februari, chupa yake hujaa mvuke wenye shinikizo, na anayeifungua kwa haraka hurushiwa. Umeme ukikatika, kabati la kufyonza hewa linabaki sanduku tu lenye kioo, na mmenyuko uliomo haujui kwamba feni imezimika. Jasho nalo si jambo dogo: ngozi iliyolowa hupokea unga kwa urahisi zaidi kuliko ngozi kavu, na koti la maabara la mikono mifupi linaacha wazi sehemu ileile ambayo glavu haifiki.

Kisha kuna taka. DMAP huondolewa kwenye mmenyuko kwa kuosha na asidi hafifu. Inageuka chumvi na kuhamia kwenye maji. Kwa mwanafunzi, maji hayo ni hatua ya kutupa, na sinki liko karibu. Lakini sumu yote aliyoipima asubuhi imo humo, miligramu zote 61, kwa kuwa kichocheo hakitumiki kikaisha. Maji hayo yanapaswa kwenda kwenye dumu lenye lebo, tofauti na dumu la viyeyushi vyenye klorini. Tanzania ina sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na Kenya ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Sheria zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni dumu, lebo, na bajeti ya kulipia uteketezaji.

Njia mbadala zipo, na hapa ndipo ningependa walimu wa kemia waweke nguvu. Kwa zoezi la aspirini la mwaka wa kwanza, matone ya asidi ya salfuriki au fosforiki yanatosha. DMAP haina kazi hapo. Kwa alkoholi nyepesi, N-methilimidazoli, kimiminika cha bei nafuu, hufanya kazi nzuri. Nayo inaunguza na inahitaji glavu, lakini sumu yake kupitia ngozi si kali kama ya DMAP. Lipasi, vimeng'enya vinavyofanya kazi hata ndani ya viyeyushi visivyo na maji, huchagua alkoholi moja kati ya nyingi, jambo ambalo DMAP haiwezi. DCC inaweza kubadilishwa kwa EDC, ambayo yurea yake huoshwa kwa maji, ingawa nayo imeshawapa watu mzio. Kwa wanaolazimika kubaki na DMAP, kuna iliyofungwa kwenye punje za plastiki: haipeperuki, haipenyi ngozi kirahisi, na mwishoni huchujwa, ikaoshwa na kutumika tena. Ni ghali zaidi na polepole kiasi. Kwa maabara ya wanafunzi 30, ningeilipia.

DMAP ibaki kwa kazi inayoistahili: alkoholi iliyobanwa, molekuli inayovunjwa na asidi, pete kubwa inayokataa kufungwa, sampuli ya mmea isiyoweza kupatikana tena. Hapo faida yake ni kubwa na hakuna sababu ya kuikwepa. Kwa mengine yote, sababu ya kuitumia huwa ni kwamba utaratibu uliochapishwa uliitumia na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwa wakuu wa maabara, ombi langu ni mahususi. Msiagize gramu 100 kwa kuwa bei ya gramu inashuka. Agizeni gramu 5, ambazo kwa kipimo cha miligramu 61 ni mimenyuko zaidi ya 80. Mtu mmoja mwenye mafunzo aandae mmumunyo wa kipimo maalumu kwenye tolueni au kiyeyushi kingine kinachofaa, ndani ya kabati linalofanya kazi, ili wengine wanyonye kwa sindano badala ya kila mmoja kufungua unga. Wekeni mizani ndani ya kabati hilo. Na kabla ya mwanafunzi yeyote kukigusa kichupa, aandike kwenye daftari lake kwa nini mmenyuko wake hauwezi kwenda bila DMAP. Akishindwa kuandika, asikifungue.